Daktari, dawa ya kuacha kufakamia chakula ipo?

Swali: Hujambo Daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili, nina miaka 38, naishi Mamboleo hapa Kisumu. Karibu mara nne kwa wiki nikitoka kazini nashuka Kondele na kula kama mtu aliyerogwa: chipsi sahani mbili, chapati tatu na maharagwe, mayai, soda ya nusu lita, yote ndani ya saa moja, nyuma ya kibanda wanafunzi wasinione. Nikifika nyumbani nakula tena ili mama watoto asishuku. Sijitapishi wala simezi dawa ya kuharisha. Asubuhi najichukia, nashinda na chai ya rangi ili kufidia, na jioni mambo ni yale yale. Huu ni mwaka wa pili. Nina kilo 104, presha kwenye kemisti ilisoma 148/94, na mgongo ukinishika nameza tramadoli. Nimesikia kwamba tatizo hili ni kemikali za ubongo na kuna dawa yake Marekani. Mwenzangu kazini ananishauri nitafute sindano za kupunguza uzito. Je, huu ni ugonjwa au mimi ni mlafi tu? Dawa ipo? Na nikianza, ni ya maisha?

Jibu: Mwalimu, naanza na swali lako la pili, maana naona ndilo lililokufanya uandike. Dawa ipo. Iliyoidhinishwa Marekani mahsusi kwa tatizo hili ni moja tu, lisdeksamfetamini, na ilipata kibali hicho Januari 2015. Zipo nyingine ambazo madaktari huziandika ingawa zilitengenezwa kwa kazi tofauti. Nitazipitia. Ila mimi ni mfamasia, na kazi yangu ni kusoma yale ambayo mgonjwa ameyataja kwa kupita tu. Ungefika dirishani kwangu leo na karatasi ya dawa yoyote kati ya hizo, ningekurudisha kwa daktari kwanza kwa sababu ya vitu viwili vilivyo kwenye barua yako: chai ya rangi na tramadoli.

Hilo la ulafi tulimalize haraka. Mlafi hufurahia sahani yake, na akishiba huinuka. Wewe unakula kwa kasi, kwa siri, unapita shibe mpaka tumbo linauma, halafu unajichukia. Daktari wa Marekani aitwaye Albert Stunkard aliueleza ulaji wa namna hii tangu 1959, lakini ilichukua hadi 2013 ndipo mwongozo wa madaktari wa akili wa huko ukauweka kama ugonjwa unaojitegemea, ugonjwa wa kufakamia chakula. Kipimo chao ni kufakamia angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, pamoja na hisia kwamba huwezi kujizuia hata ukitaka. Mara nne hadi saba kwa wiki huhesabiwa kuwa hali ya wastani, si nyepesi. Na usidhani ni maradhi ya wanawake. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulikuta kwamba asilimia 3.5 ya wanawake na asilimia 2 ya wanaume wamewahi kuupata maishani. Wanaume wamo, ni vile tu hawasemi.

Lakini kuna jambo moja linalonifanya nisite kukubandika jina hilo moja kwa moja. Anayefakamia kisha akafidia kwa kujitapisha, kuharisha, mazoezi ya kupindukia au kufunga kula, huweza kuhesabiwa kwenye ugonjwa mwingine, bulimia. Wengi wanajua habari ya kutapika. Hawajui kwamba kushinda njaa kwa makusudi ili kulipia chakula cha jana nako kumo kwenye orodha. Wewe umeandika neno lenyewe, "kufidia". Daktari wa akili ndiye atakayeamua uko upande gani, na si suala la jina tu. Dawa za upande mmoja zinaweza kuwa hatari upande wa pili, kama nitakavyoeleza.

Sasa tuje kwenye ubongo. Ulichosikia ni kweli nusu.

Dopamini ndiyo inayotajwa zaidi, na watu huiita kemikali ya raha. Si hivyo hasa. Dopamini ni makanga wa Kondele: anakuita kwa jina, anakuvuta mkono, anakusukuma uingie, safari ikiwa mbaya au nzuri, hayo si yake. Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan alionyesha tofauti hiyo kwa panya. Panya walioondolewa karibu dopamini yote hawakwenda kutafuta chakula, wangekufa njaa mbele ya bakuli lililojaa, lakini ukiwadondoshea sukari mdomoni walilamba midomo kwa furaha kama panya wengine wote. Kumbe kutamani ni mtambo mmoja, kufurahia ni mtambo mwingine. Ndiyo maana unaweza kumaliza chapati ya tatu bila hata kusikia ladha yake, na mkono bado unaenda kwa inayofuata.

Huo mtambo wa kufurahia unaendeshwa kwa sehemu kubwa na opioidi ambazo ubongo wenyewe hutengeneza, jamaa wa mofini. Chakula chenye mafuta na sukari huzifungulia. Kisha kuna serotonini, ambayo kati ya kazi zake nyingi hupeleka habari ya "imetosha". Ukitaka kuona kazi hiyo, tazama vile vidonge vya kunenepa ambavyo wasichana huuziwa mitaani. Vingi vina siproheptadini, dawa ya mzio ambayo, pamoja na mengine, huziba vipokezi vya serotonini. Ukiziba habari ya kutosha, mtu anakula. Mwisho, nyuma ya paji la uso kuna sehemu ya ubongo inayopima na kuzuia, na kwa watu wenye tatizo lako huonekana kulegea hasa wakati wa uchovu, huzuni au msongo wa mawazo. Saa kumi na moja jioni, baada ya vipindi sita na rundo la madaftari, hiyo sehemu imechoka kama mwenyewe.

Lakini ni kitu gani kinachoufundisha ubongo kuvutwa kiasi hicho? Hapa ndipo chai ya rangi inapoingia, na nakuomba usome sehemu hii taratibu kuliko zile za dawa.

Kule Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, kundi la mtafiti Bartley Hoebel liliwapa panya maji ya sukari kwa saa kumi na mbili tu kwa siku, baada ya kuwashindisha njaa saa nyingine kumi na mbili. Panya hao walijifunza kufakamia mara tu sukari inapoletwa. Kwa kawaida, chakula kikishazoeleka, dopamini hupoa; mgeni wa siku ya kwanza si mgeni wa mwezi wa pili. Kwa panya hawa haikupoa. Matokeo waliyochapisha mwaka 2005 yalionyesha dopamini ikiendelea kufumka hata wiki ya tatu, kana kwamba sukari ni mpya kila siku. Wenzao waliokuwa na sukari muda wote, bila kufungishwa, hawakuwa hivyo. Sukari ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni ratiba: njaa ndefu, kisha mlango unafunguliwa kwa ghafla.

Sasa andika ratiba yako kando ya yao. Kuanzia unapoamka mpaka unaposhuka Kondele ni chai ya rangi. Kisha mlango unafunguliwa.

Kwa binadamu tunalo jaribio la Minnesota, Marekani. Mwaka 1944 na 1945 mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wa kiume, wazima wa mwili na akili, waliojitolea, akawapunguzia chakula kwa miezi sita mpaka wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Mle ndani mtu aliota chakula, alisoma vitabu vya mapishi kama wengine wasomavyo riwaya. Lakini kilichowashtua watafiti ni baada ya chakula kurudishwa: wapo waliokula mpaka wakakaribia kutapika na bado wakasema wana njaa, na hali hiyo iliendelea kwa miezi. Hawakuwa na historia ya ulafi. Walikuwa wamefungishwa.

Kwa hiyo, jibu la "ni kemikali za ubongo?" ni ndiyo, na sehemu ya hizo kemikali unazichochea mwenyewe kila asubuhi kwa kudhani unajirekebisha. Sikulaumu. Kila mtu mwenye kilo mia na kitu ameambiwa apunguze kula, na mwenye akili timamu hupunguza pale anapoweza, yaani mchana, mbele ya watu. Huo ndio mtego wenyewe, na sijaona dawa inayoweza kushindana nao kwa muda mrefu mgonjwa akiendelea kushinda njaa.

Haya, dawa zenyewe.

Lisdeksamfetamini, inayouzwa Marekani kwa jina la Vyvanse, ilianza mwaka 2007 kama dawa ya watoto wasiotulia darasani. Wewe mwalimu unawajua. Ni amfetamini, dawa ya kuchangamsha ubongo, iliyofungwa kwenye asidi ya amino iitwayo laisini. Ukiimeza haifanyi kitu mpaka chembe nyekundu za damu ziikate zile mbili zitengane, ndipo amfetamini inaachiwa polepole kwa siku nzima. Inaongeza dopamini na noradrenalini, kemikali nyingine ya ubongo inayoamsha mwili, na unaweza kuuliza: kama dopamini ndiyo inayovuta, kuiongeza kunasaidiaje? Maelezo yanayokubalika ni kwamba badala ya mifumko ya ghafla, inaleta kiwango cha juu kidogo kilichotulia, na ile sehemu ya mbele inayozuia hupata nguvu. Pia hamu ya kula hupungua, tusijidanganye, hilo nalo limo.

Inafanya kazi? Katika jaribio la wiki 11 lililochapishwa mwaka 2015, walioacha kabisa kufakamia kwa wiki nne za mwisho walikuwa asilimia 50 ya waliopewa miligramu 70, asilimia 42 ya waliopewa miligramu 50, na asilimia 21 ya waliopewa kidonge kitupu. Hizo ni namba nzuri kwa dawa za akili. Iangalie hata ile 21: mtu mmoja kati ya watano aliacha bila dawa yoyote, kwa kufuatiliwa tu na watu wanaomuuliza kila wiki amekulaje.

Kwako wewe, kizuizi ni presha. Amfetamini huipandisha, na huongeza mapigo ya moyo. Mwenye maradhi ya moyo haifai. Ina hatari ya uraibu, na kwa sababu hiyo amfetamini zinadhibitiwa kisheria hapa Kenya kama kwingineko. Mtu akikuuzia mkononi au kwa simu, unanunua kosa la jinai pamoja na kidonge usichojua kina nini ndani. Tena kibali chake Marekani kinasema wazi kwamba si dawa ya kupunguza uzito.

Ile 148/94 nayo usiipokee hivihivi. Umeniambia una kilo 104, kwa hiyo mkono wako huenda ni mnene kuliko ule mkanda wa kawaida ulio kwenye kila kemisti. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma presha juu kuliko ilivyo. Omba mkanda mkubwa. Kaa dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, bila kuongea, na usiwe umetoka kunywa chai. Pima mara mbili, rudia siku nyingine. Ikibaki hapo, una presha ya kutibiwa, na hiyo inatangulia kila kitu nilichokiandika hapa.

Fluoksetini ni ya pili, na ndiyo inayopatikana kwa urahisi. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Inaongeza serotonini kwenye mapengo kati ya neva. Kwa bulimia ina kibali cha Marekani, kwa dozi ya miligramu 60, mara tatu ya ile ya kawaida ya sonona. Kwa ufakamiaji bila kufidia, msaada wake ni wa wastani na uzito haubadiliki sana. Daktari akikukuta na sonona pamoja na tatizo hili, au akiamua uko upande wa bulimia, kuna uwezekano mkubwa ataanzia hapo.

Na hapo ndipo ninapogonga meza: tramadoli.

Watu huichukulia tramadoli kama panadoli yenye nguvu. Sivyo. Ni opioidi, na papo hapo huzuia serotonini na noradrenalini zisirudishwe ndani ya neva, kama zifanyavyo dawa za sonona. Ukiichanganya na fluoksetini, mambo mawili hutokea kwa pamoja. La kwanza, serotonini inaweza kupanda kupita kiasi: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, misuli kukakamaa, kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura ya hospitali. La pili ni la kichinichini zaidi: tramadoli hutegemea kimeng'enya cha ini kuibadilisha iwe ile hali inayoua maumivu, na fluoksetini hukizuia kimeng'enya hicho. Maumivu hayatulii, mgonjwa anaongeza kidonge, na serotonini inazidi kupanda. Zaidi ya hapo, tramadoli yenyewe inaweza kuleta degedege, na uwezekano huongezeka ikichanganywa na dawa hizi. Amfetamini nayo ina onyo hilo hilo la serotonini.

Kisha kuna naltreksoni, inayoziba vipokezi vya opioidi. Kwa miaka mingi imesaidia wanaotaka kuacha pombe, na wazo la kuijaribu kwa wanaofakamia lina mantiki: ukipunguza raha ya mafuta na sukari, labda mkono utatulia. Ikiwa peke yake matokeo hayajavutia. Marekani huuzwa ikiwa pamoja na bupropioni, dawa ya sonona, kama dawa ya unene, tangu 2014. Sasa tazama: mtu mwenye tramadoli mwilini akimeza naltreksoni anaweza kutupwa kwenye maumivu ya kuachishwa opioidi ndani ya saa chache. Na bupropioni haitakiwi kabisa kwa mwenye bulimia, kwa sababu ya degedege. Iliwahi kuondolewa sokoni mwaka 1986 kwa sababu hiyo, ikarudishwa 1989 kwa dozi ndogo zaidi. Ndiyo maana nilisema jina la ugonjwa wako si jambo la mapambo.

Kwa hiyo mwambie daktari habari ya tramadoli hata asipouliza, na useme ukweli: vidonge vingapi kwa siku, siku ngapi kwa wiki, unavipata wapi. Kama unameza kila siku usiache kwa ghafla. Hupunguzwa kwa hatua. Na usiikimbie tramadoli ukaangukia diklofenaki, maana hiyo nayo hupandisha presha. Mgongo wa mtu anayesimama ubaoni siku nzima unahitaji mtaalamu wa fiziotherapia kuliko unavyohitaji kidonge kipya.

Topirameti, dawa ya kifafa, nayo hupunguza ufakamiaji na uzito pia. Majaribio yake yalianza kutoka mapema miaka ya 2000. Shida ni madhara yake. Vidole hufa ganzi, mawe ya figo huongezeka, na akili huwa nzito. Mtu hulitafuta neno analolijua na halimjii. Kwa mwalimu aliye mbele ya Kidato cha Nne, hilo si dogo. Kwa mwanamke anayeweza kushika mimba ni zito zaidi, kwani humdhuru mtoto tumboni.

Kuhusu sindano za mwenzako. Anazungumzia semaglutaidi, ile ya Ozempic na Wegovy. Inaiga homoni ya utumbo, huchelewesha chakula kutoka tumboni na hufika kwenye sehemu za ubongo zinazosimamia shibe. Kuna tafiti ndogo zinazoonyesha ufakamiaji kupungua, na wagonjwa wengi husema zile kelele za chakula kichwani zimenyamaza. Naamini tutasikia mengi zaidi. Lakini haijaidhinishwa kwa tatizo hili, na kwa mtu mwenye mtindo wako nina hofu mahsusi: itakurahisishia kushinda bila kula mchana, yaani itatia nguvu kile kitu tunachotaka kukivunja. Tena bidhaa bandia zimejaa. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo rasmi kuhusu semaglutaidi bandia zilizokamatwa katika nchi kadhaa. Na hata iliyo halisi, kabla ya kufunguliwa inatakiwa kukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8. Ikiwa imesafiri kwenye mkoba wa mtu kwa jua la Kisumu, sijui unachojidunga ni kitu gani.

Huenda pia unajiuliza kama kuna kipya kinachokuja. Nitakupa mfano mmoja wa jinsi njia hii ilivyo na mashimo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo cha Tiba cha Baylor, Houston, walionyesha kwamba kwa panya serotonini huweza kuzima ufakamiaji kwa kugusa kipokezi kimoja maalumu kilicho juu ya neva za dopamini zenyewe. Yaani ile habari ya "imetosha" inamfikia makanga. Na dawa inayokigusa kipokezi hicho ilikuwa tayari sokoni Marekani kama dawa ya unene, lokaserini, tangu 2012. Watu walifurahi. Februari 2020 ikaondolewa, baada ya ufuatiliaji wa muda mrefu kuonyesha saratani zaidi kwa waliokuwa wakiitumia. Miezi michache baadaye kampuni iliyokuwa inaomba kibali cha dawa nyingine, dasotralini, kwa ugonjwa huu ikaacha. Na kabla ya hapo sibutramini, dawa ya unene ambayo kwa kweli ilipunguza ufakamiaji, ilikuwa imeondolewa mwaka 2010 kwa sababu ya hatari kwa moyo. Ukisikia mtu anatangaza redioni kidonge kipya cha kumaliza hamu ya kula, kumbuka msafara huo.

Tiba ambayo haijaondolewa sokoni ni ya mazungumzo. Inaitwa tiba ya utambuzi na tabia, na aliyeiunda kwa ajili ya matatizo ya kula ni Christopher Fairburn wa Oxford. Karibu nusu ya wanaoimaliza huacha kabisa kufakamia. Mwongozo wa Uingereza wa 2017 unaiweka mbele, na unasema dawa isitolewe ikiwa tiba pekee. Mimi ninayeishi kwa dawa nakubaliana nao.

Hatua yake ya kwanza unaweza kuianza Jumatatu bila kumlipa mtu, nayo ni kula. Chai ya asubuhi iwe na maziwa, na kitu cha kuuma: nduma, viazi vitamu, mkate na yai. Kengele ya saa nne ikilia, kula tena kidogo. Saa saba, githeri ya shule, sahani nzima, hata kama jana ulifakamia. Hasa kama jana ulifakamia. Saa kumi, kabla ya kutoka getini, ndizi mbili au njugu. Pengo lisizidi saa tatu au nne. Utaogopa kwamba utanenepa, na wiki ya kwanza utajiona unakula kama mfalme. Vumilia. Unaposhuka Kondele bila kuwa na njaa ya tangu asubuhi, harufu ya mafuta itakuwa palepale, ila hutakuwa mtu yuleyule.

Pamoja na hilo, daftari. Andika unachokula wakati unakila, si usiku kwa kukumbuka: saa, mahali, kitu, na kama ulihisi umeshindwa kujizuia. Mizani ni mara moja kwa wiki, basi. Ukianguka siku moja, mlo unaofuata unaliwa kwa saa yake kama kawaida.

Kuhusu mama watoto, sikulazimishi. Nakuambia tu ninachokiona kwenye hesabu: chakula cha jioni cha nyumbani, kile cha kuficha siri, ni mlo mzima ambao mwili haukuuhitaji, mara nne kwa wiki. Siku utakayoweza kumwambia "nimeshakula njiani", hata bila maelezo zaidi, umeshapunguza. Na yale ya kujichukia asubuhi, kama yamefika mahali pa kutamani usiwepo, usisubiri kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo na umwambie mtu mmoja unayemwamini akusindikize.

Kwa mengine, anza na daktari wa hospitali kubwa, umwombe akuelekeze kwa daktari wa akili au mwanasaikolojia. Jaramogi iko karibu na hapo unaposhukia, na Eldoret wapo wa hospitali ya Moi. Waombe wapime sukari, presha kwa mkanda mkubwa, na tezi ya shingo.

Swali la mwisho: ni ya maisha? Kwa lisdeksamfetamini kuna jaribio lililojibu sehemu yake. Watu waliokuwa wamepona kwa dawa waligawanywa. Wengine wakaendelea nayo, wengine wakapewa kidonge kitupu bila kujua. Katika miezi sita, ugonjwa uliwarudia asilimia 3.7 ya walioendelea na asilimia 32 ya walioachishwa. Unaweza kuisoma kwa namna mbili: dawa inashikilia, na theluthi mbili ya walioachishwa hawakurudi kule kwa muda huo. Hivyo si kifungo cha maisha, lakini si dozi ya siku tatu kama ya malaria. Hupimwa kwa wiki kadhaa, na kama idadi ya siku za kufakamia haipungui, daktari anaisimamisha. Ili aweze kufanya hivyo lazima awe na namba ya kuanzia. Yako ni nne kwa wiki. Iandike na tarehe juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari, na chini yake jina la kila kidonge unachomeza sasa, ukianza na tramadoli.